Je, dawa ya moto ni moto?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti, nasoma mwaka wa tatu chuoni. Tuna kikundi cha vijana 18 tunaopigania jambo ambalo sitalitaja hapa. Juzi tumegawanyika. Kaka mmoja alisema maandamano ya amani ni kubembeleza tu, kwamba watawala hawajawahi kuachia kitu kwa nyimbo na mabango, na kwamba dawa ya moto ni moto. Nusu ya kikundi walimpigia makofi. Mimi nilipinga, lakini nilipoulizwa kwa nini, sikuwa na la kusema zaidi ya kwamba vurugu ni mbaya. Naomba unisaidie: kwa mujibu wa historia, nani yuko sahihi, yeye au mimi?"

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kukukatisha tamaa kidogo: katika ubishi huo hoja ya kaka ilikuwa na nguvu kuliko yako. Ukimwambia mtu aliyeonewa kwamba vurugu ni mbaya, hujamwambia jipya. Anajua, pengine kuliko wewe. Anachouliza ni kama kuna njia nyingine inayofanya kazi. Hilo ni swali la kazi, nami nitalijibu kikazi, kama fundi aliyeulizwa achukue msumeno au shoka. Ya dhamiri na dini nayaheshimu, ila kwa huyo kaka hayatafika mbali.

Kwanza tuliondoe mezani neno "amani", maana linauharibu mjadala. Wengi wakisikia maandamano ya amani wanaona watu waliovaa fulana zinazofanana, wanatembea kutoka hapa hadi pale, wanasomewa risala, wanarudi nyumbani kula. Kama hicho ndicho kaka anachokibeza, niko upande wake. Ninachokizungumzia ni mapambano bila silaha, na mapambano hayo yanauma. Mjini Montgomery, Marekani, Weusi walianza kususia mabasi tarehe 5 Desemba 1955, wakaendelea kwa siku 381. Hawakumgusa dereva hata mmoja. Walitembea kwa miguu, wakapanga magari ya kubebana asubuhi na jioni, na kampuni ya mabasi, ambayo abiria wake wengi walikuwa ni wao, ikabaki inazungusha viti vitupu. Upande wa pili uliwakamata viongozi na kuilipua nyumba ya Martin Luther King kwa bomu. Mwisho ulikuja kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu, lakini bila mwaka mzima wa miguu kuvimba, kesi ile ingesubiri zamu yake kabatini. Mtu aliyeishi Montgomery mwaka huo hangekuelewa ukimwambia aliishi kwa amani.

Mantiki ya mapambano ya aina hii haina uchawi. Mtawala, hata awe mkali vipi, hakusanyi kodi kwa mkono wake. Hagongi muhuri, haendeshi treni, hachimbi makaa, hafyatui risasi mwenyewe. Kila amri yake hupita katika mikono ya watu wengine, na wengi wao wanaishi mitaa ileile unayoishi wewe. Wahenga walituachia ushauri kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Hili ni shauri la tatu: usiukate, usiubusu, acha kuulisha. Mwaka 1973 Mmarekani Gene Sharp aliorodhesha mbinu 198 za kupambana bila silaha, na zaidi ya nusu ni za kukataa: kugoma, kususia, kutolipa, kujiuzulu, kufanya kazi goigoi, kutosikia amri. Kuandamana barabarani ni kipande kidogo tu cha orodha ile. Hili nitalirudia chini, kwa sababu ndipo vijana wengi wa siku hizi wanapokwama.

Sasa nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Ni wa kiwanda kimoja cha meli mjini Gdańsk, Poland, na uzuri wake ni kwamba kiwanda ni kilekile, geti ni lilelile, chama tawala ni kilekile, tofauti ni miaka kumi.

Desemba 1970 serikali ilipandisha bei ya vyakula Krismasi ikikaribia. Wafanyakazi wakatoka nje ya geti, wakaandamana hadi ofisi za chama, na siku ya pili jengo la chama likawaka moto. Jeshi likaletwa. Katika miji ya pwani ile waliuawa watu zaidi ya 40, baadhi yao wakiwa katika mji jirani wa Gdynia, asubuhi, njiani kwenda kazini. Ule moto uliipa serikali kitu ilichokihitaji sana, yaani picha ya wahuni wanaochoma majengo. Nisiwapunje: kiongozi wa chama aling'olewa kwa sababu ya fujo zile, akaja mwingine. Lakini bei hazikushuka. Serikali ilikubali kuzishusha Februari 1971, wakati wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Łódź, wengi wao wanawake, walipozima mashine na kugoma. Kisa hicho husimuliwa mara chache, nadhani kwa sababu hakina moshi wa kupiga picha.

Agosti 1980 kiwanda cha Gdańsk kikagoma tena. Mwendesha kreni mmoja, Anna Walentynowicz, alikuwa amefukuzwa kazi akiwa amebakiza miezi michache tu astaafu. Safari hii hawakutoka nje. Walilifunga geti wakabaki ndani, wakalala humohumo kiwandani, na pombe ikapigwa marufuku. Wake zao na wenyeji wa mji walileta mikate getini, na geti lenyewe likapambwa kwa maua na picha ya Papa. Wajumbe wa serikali walipokuja kujadiliana, mazungumzo yalirushwa kwa vipaza sauti vya kiwanda, kila fundi akasikia nani kasema nini, ili baadaye asije mtu kudai viongozi wamehongwa. Sasa kaa upande wa kamanda aliyetumwa kuuzima mgomo ule. Utampiga nani risasi? Hakuna jiwe lililorushwa. Ukivamia, unaingia katikati ya kreni na mitambo ya dola yenyewe, mbele ya kina mama waliobeba vikapu. Tarehe 31 Agosti serikali ilisaini. Mwezi Desemba mwaka huohuo misalaba mitatu mirefu ya chuma ilisimamishwa nje ya geti kwa ajili ya waliouawa 1970. Lilikuwa moja ya madai yao.

Sikuambii mambo yalikwisha hapo. Chama chao cha wafanyakazi, Solidarity, kilifikia wanachama karibu milioni 10, kisha tarehe 13 Desemba 1981 jeshi likashika nchi na maelfu wakatiwa ndani. Wakati huo kaka yako angesema "si niliwaambia?" na watu wangemsikiliza. Lakini waliobaki nje hawakwenda kutafuta bunduki. Walichapa magazeti ya siri majumbani, wakasubiri, wakagoma tena 1988. Katika uchaguzi wa Juni 1989, uliokuwa huru nusunusu, walitwaa viti 99 kati ya 100 vya Seneti. Tangu geti lilipofungwa ilikuwa imepita karibu miaka tisa.

Unaweza kusema huo ni mfano mmoja, niliouchagua kwa sababu unanifaa. Ni kweli. Ndiyo maana watafiti wawili, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walikusanya kampeni 323 za kuanzia 1900 hadi 2006, zote kubwa, zote za kutaka kuangusha utawala, kufukuza mkoloni au kujitenga. Chenoweth alianza kazi hiyo akiwa na shaka. Alidhani silaha ndizo zinazoleta matokeo. Walichokuta ni kwamba zilizopigana bila silaha zilifanikiwa asilimia 53, na zilizotumia silaha asilimia 26. Wapo wanaobisha, na wana hoja: ni vigumu kuweka mstari kati ya kampeni ya silaha na isiyo ya silaha wakati nyingi zilikuwa na vyote viwili. Mimi takwimu zile nazitumia kwa kazi moja tu, kumwondolea mtu ile dhana kwamba bunduki ndiyo njia ya uhakika na mgomo ni bahati nasibu. Hata ukizipunguza vipi, hazigeuki kuwa kinyume chake.

Kinachonivutia zaidi ni sababu waliyoiona. Kwa wastani kampeni zisizo na silaha zilivuta watu mara nne ya zile zenye silaha. Fikiri ni kwa nini. Kundi la bunduki huchuja watu wake: vijana, wenye afya, wengi wanaume, wasio na mtoto mchanga wala mzazi mgonjwa, walio tayari kulala porini. Kususia bidhaa anaweza bibi wa miaka 80. Kugoma anaweza mhasibu mwoga aliyevaa miwani. Kugonga sufuria dirishani saa mbili usiku anaweza mlemavu asiyeshuka ngazi. Na kila anayeingia huja na ndugu zake, ambao mmoja wao ni askari, mwingine karani wa wizara, mwingine amezaa na binti wa mkuu wa wilaya. Hapo ndipo amri zinapoanza kupotelea njiani.

Nikuonyeshe amri moja ikipotea. Tarehe 23 Aprili 1930, mjini Peshawar, ambao leo uko Pakistan, Waingereza walikuwa wamewakamata viongozi wa Khudai Khidmatgar, maana yake watumishi wa Mungu. Hilo lilikuwa jeshi la aina yake, la Wapashtuni, watu waliosifika kwa visasi na bunduki, walioapishwa na Abdul Ghaffar Khan kutolipiza na kutobeba silaha. Umati ulijaa katika soko la Qissa Khwani. Askari wakafyatua risasi, watu wengi wakafa, na umati haukurudisha risasi. Kisha kikosi cha Garhwal Rifles, askari wa Kihindu wa jeshi la Waingereza wakiongozwa na Chandra Singh Garhwali, kikaamriwa kuendelea na kazi hiyo dhidi ya Waislamu wasio na silaha. Wakakataa. Chandra Singh alihukumiwa kifungo cha maisha, akatoka baada ya zaidi ya miaka kumi. Jiulize kitu kimoja: kama siku ile risasi zingekuwa zinatoka pia upande wa umati, yule askari angekuwa na nafasi ya kufikiri? Mtu anayepigwa risasi haasi. Hujificha nyuma ya mwenzake na kufyatua.

Watawala nao husoma. Mjini Beijing, mwaka 1989, Jenerali Xu Qinxian alikataa kuingiza askari wake dhidi ya wanafunzi, akafungwa. Jibu la serikali lilikuwa kuleta vikosi vingine kutoka mikoa mingine, askari wasio na shangazi wala mchumba katika mji ule. Kilichofuata ni mauaji ya waandamanaji. Kwa hiyo nakuomba usiende kumwambia kaka kwamba njia hii haishindwi. Inashindwa, na inaua watu.

Niseme kidogo kuhusu siri, kwa sababu vikundi vidogo hupenda siri. Ukishachagua silaha, lazima ufiche: majina, mahali, fedha. Na penye siri ndipo polisi hufanya kazi yao kwa raha. Mwanzoni mwa karne ya 20 nchini Urusi, kikosi cha mauaji cha chama cha Wasoshalisti Wanamapinduzi, kilichomuua waziri wa mambo ya ndani, Plehve, mwaka 1904, kiliongozwa na mtu aitwaye Yevno Azef. Alikuja kuumbuliwa mwaka 1908: miaka yote hiyo alikuwa akipokea mshahara wa polisi wa siri. Mkuu wa kikosi mwenyewe! Katika mgomo wa watu 10,000 mpelelezi anaweza kuripoti nini ambacho hakijabandikwa ukutani? Lakini katika chumba chenye watu watano, anayesema kwa sauti kubwa kwamba wengine ni waoga, mwangalie mara mbili. Simtuhumu huyo kaka. Huenda ana uchungu wa kweli. Nasema tu kwamba historia imejaa watu wa namna hiyo waliokuwa wanalipwa.

Sasa swali ambalo halikosi kila ninapofundisha somo hili. Mwanafunzi wa nyuma hunyosha mkono na kusema: "Na Hitler je?" Huwa nawapeleka Norway. Februari 1942, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Vidkun Quisling, kibaraka wa Wajerumani, aliunda chama cha lazima cha walimu ili shule zifundishe itikadi yake. Walimu hawakuandamana. Walipeana kimyakimya maneno ya barua moja fupi ya kukataa, kila mmoja akainakili, akaweka jina na anwani yake halisi, akaipeleka posta. Maelfu ya barua, maneno yaleyale, siku zilezile. Zaidi ya walimu 1,000 walikamatwa. Takriban 500 wakapakiwa kwenye meli iliyojaa pomoni na kupelekwa Kirkenes, kaskazini kabisa kwenye baridi kali, kufanya kazi ngumu bandarini pamoja na mateka wa vita. Wazazi nao wakaandika barua zao, kwa maelfu. Kufikia Novemba walimu walikuwa wamerudishwa nyumbani, na kile chama hakikuwahi kufanya kazi.

Lakini mwanafunzi wa nyuma ana sehemu ya haki yake. Quisling aliwahitaji walimu. Shule haiendi bila mwalimu. Wayahudi, Wanazi hawakutaka watii, walitaka wafe. Kugoma kwa mtu ambaye adui hahitaji kazi yake wala utii wake hakumbani adui popote, na hapa ndipo njia hii ina mpaka wake wa kweli. Hata hivyo huwezi kuua mamilioni bila dereva wa treni, karani wa orodha na jirani wa kunyoosha kidole. Nchini Denmark, Oktoba 1943, majirani walikataa kunyoosha kidole. Waliwaficha Wayahudi na kuwavusha kwa mashua za wavuvi hadi Sweden, zaidi ya watu 7,000. Waliokuwa na uwezo wa kugoma walikuwa wale waliowazunguka waathirika.

Je, silaha zimewahi kushinda? Zimeshinda, na mwalimu anayewaficha wanafunzi hilo anawadanganya. Watumwa wa Haiti walianza uasi 1791, wakaitangaza nchi huru 1804. Waalgeria walipigana na Ufaransa kuanzia Novemba 1954 hadi 1962. Nisingethubutu kumwambia mtumwa wa shamba la miwa kwamba angejaribu kwanza kususia. Ninachoweza kufanya ni kuuliza bei, na nani aliilipa baadaye. Vita huzalisha watu waliozoea kuamuru na kutii kwa siri, na siku ya uhuru watu hao ndio wanaoshika ofisi. Algeria ilipata mapinduzi ya kijeshi miaka mitatu tu baada ya uhuru, na jeshi likaendelea kuwa ndilo lenye neno la mwisho. Frantz Fanon, ambaye wanaotetea silaha humnukuu sana kuhusu vurugu kumrudishia aliyetawaliwa na mkoloni utu wake, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na sura ya mwisho ya kitabu chake cha 1961, inayohusu vita, ni orodha ya wagonjwa. Yumo mpiganaji wa nchi iliyokwisha kupata uhuru, ambaye kila mwaka, tarehe fulani ikikaribia, anakosa usingizi na kutaka kujiua. Ilikuwa tarehe aliyotega bomu lililoua watu kumi. Wanaomnukuu Fanon naona wengi huishia sura ya kwanza.

Kaka atakutajia Afrika Kusini, nawe uwe tayari. Mwaka 1952 zaidi ya watu 8,000 walikamatwa kwa kukaidi sheria za ubaguzi kwa makusudi. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville, vyama vikapigwa marufuku, na Desemba 1961 Umkhonto we Sizwe, tawi la silaha la chama cha Mandela, ANC, ikaanza kulipua. Mandela alieleza sababu mahakamani mwaka 1964: njia zote za wazi zilikuwa zimefungwa. Mimi simlaumu. Alieleza pia kwamba walipima aina nne, hujuma, vita vya msituni, ugaidi na mapinduzi ya wazi, wakachagua kwanza hujuma kwa kuwa haikulazimu kuua. Lakini tazama kilichoibana serikali ile miaka ya 1980. Jeshi lake halikushindwa vitani. Kilichowashinda ni migomo ya vyama vya wafanyakazi, kodi za nyumba zisizolipwa, vikwazo vya nje, na ususiaji kama ule wa Port Elizabeth mwaka 1985, ambapo watu Weusi waliacha kununua katika maduka ya Wazungu hadi wenye maduka wenyewe wakaenda kuwasihi wakuu wa serikali. Ndani ya vuguvugu lilelile yalikuwapo pia mauaji ya watu waliodhaniwa wasaliti, kwa matairi yaliyowashwa moto, na picha zile serikali ilizitumia mwaka hadi mwaka.

Hapo naingia kwenye swali ambalo hukuuliza ila najua linakuja: "Je, mawe kidogo pembeni hayasaidii?" Wapo wasomi wanaosema kundi kali huwafanya wapole waonekane wa kukaa nao mezani, na kuna nyakati imetokea hivyo. Ila kwa jumla mizani haiegemei huko. Omar Wasow alichunguza maandamano ya Weusi wa Marekani ya miaka ya 1960 na kukuta kwamba palipokuwa na maandamano yasiyo na fujo kura za chama kilichounga mkono haki za Weusi ziliongezeka jirani, na palipochomwa, kura za Wazungu zilikwenda kwa chama cha "sheria na utulivu". Jiwe moja pia hubadilisha nani atakuja kesho. Mama aliyekuja leo na mwanawe mgongoni, kesho atabaki nyumbani, na nafasi yake atachukua kijana aliyefunika uso. Siku tano zikipita una watu mia tatu badala ya elfu thelathini, na polisi wanafurahi. Syria ilianza hivyo Machi 2011, umati mkubwa na nyimbo, na risasi za serikali zikawasukuma wengi kushika silaha. Ndiyo, mtawala wake, Assad, alikimbia Desemba 2024 mbele ya kundi lenye bunduki. Ilichukua zaidi ya miaka 13, mamia ya maelfu ya maiti, na nusu ya nchi kuyahama makazi yake.

Nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Kwa hesabu za Chenoweth mwenyewe za mwaka 2020, tangu 2010 mafanikio ya kampeni zisizo na silaha yalikuwa yameshuka hadi chini ya asilimia 34. Za silaha zilikuwa zimeshuka zaidi, hadi kama asilimia 8, lakini hiyo si faraja. Sababu moja, na hapa ndipo niliposema nitarudia, ni kwamba simu zimerahisisha kuita umati na hazijarahisisha kuandaa mgomo. Umati wa siku tatu watawala wamejifunza kuuvumilia. Sudan ilionyesha tofauti. Omar al-Bashir aling'olewa tarehe 11 Aprili 2019 baada ya watu kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi. Tarehe 3 Juni waliokuwa wamekaa pale walishambuliwa, zaidi ya 100 wakafa. Badala ya kurudi na silaha, kamati za mitaa na vyama vya wanataaluma vilizima nchi kwa mgomo wa siku tatu, na majenerali wakarudi mezani. Kisha Oktoba 2021 majenerali haohao wakapindua, na Aprili 2023 wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Je, ni kushindwa? Ndiyo, na sitalipaka rangi. Ila vita vilipoanza, waliokuwa wakipika na kugawa chakula mitaani wengi walitoka katika kamati zilezile. Hakuna aliyelazimika kuwafundisha kufanya kazi pamoja.

Kwa hiyo nani yuko sahihi? Kaka yuko sahihi kwamba kubembeleza hakuleti kitu. Amekosea anapodhani kinyume cha kubembeleza ni kupiga. Na wewe ukirudi kwenye kikundi, usirudi na hoja ya wema. Nenda na karatasi, mkae wote 18, yeye akiwemo, muulizane: yule tunayempinga anahitaji nini kutoka kwetu kila siku ili aendelee? Kazi yetu, ada zetu, ukimya wetu, sura zetu kwenye sherehe zake? Mkikosa hata kimoja, msianze bado, tafuteni kwanza nani anayehitajiwa naye. Mkikipata, muulizane kama mnaweza kukinyima kwa miezi sita, na nani atamlisha atakayepoteza mshahara.

Halafu mfanye zoezi. Mwaka 1959 mjini Nashville, Marekani, mchungaji James Lawson, aliyewahi kufungwa kwa kukataa jeshi na baadaye kuishi India miaka mitatu, aliwakusanya wanafunzi katika chumba cha chini cha kanisa. Alipanga viti kama kwenye kaunta za chakula za madukani, ambako Weusi walikatazwa kukaa. Baadhi walikaa, wengine wakaigiza Wazungu wenye hasira: waliwatukana, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, wakawasukuma hadi chini. Kila mmoja alijifunza kulinda kichwa akianguka, na kutojibu. Walirudia kwa miezi. Walipoanza kweli, Februari 1960, walikuwa na sheria zao zimeandikwa: usirudishe pigo, usitukane, kaa wima, tazama kaunta. Kundi moja lilipokamatwa, lingine lilikuwa tayari linavuta viti. Tarehe 10 Mei kaunta za katikati ya mji zikaanza kuwahudumia Weusi.

Mwombe kaka awe wa kwanza kukaa kwenye kiti. Dakika kumi tu, ninyi wengine mkimtukana. Halafu mbadilishane.